Yule Asiyeshtuka

Mfuniko wa sufuria ulianguka sakafuni kwa kishindo cha kuamsha mtaa, na mtoto wa mbwa mwenye uzi wa buluu shingoni hata sikio hakulichezesha. Aliendelea kunusa ufa wa ukuta, mkia juu, utadhani mfuniko umeanguka kwa jirani.

"Mmeona?" Filimbi aliwageukia wakubwa wawili waliosimama mlangoni mwa stoo. "Mmeona roho hiyo? Huyu hata umwangushie bati la paa, atauliza kwanza nani kaangusha, ndipo amng'ate."

Meneja akacheka. Tangu aletwe kuwasimamia, mwaka wa nne sasa, Filimbi hakuwahi kumwona akicheka ndani ya uzio ule. Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, na sababu alikuwa nayo, au alikuwa akisema anayo. Lakini kicheko kile kilimshuka kifuani kama chai ya moto asubuhi ya baridi, akajikuta anatabasamu mpaka ufizi.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Kazini walimwita Filimbi kwa ajili ya mluzi wake wa vidole viwili, mluzi uliovuka uzio, ukavuka barabara, ukawafikia mafundi wa gereji ya upande wa pili. Kampuni ilikodisha walinzi na mbwa kwa wenye maghala na viwanda, na mbwa wote waliolinda maghala ya mji ule walipita mikononi mwake wakiwa bado hawajafumbua macho. Miaka kumi na tisa hiyo. Shule aliishia darasa la nne, basi. Mameneja walikuja na vyeti vyao, wakaondoka na vyeti vyao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukojolewa suruali na mbwa. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema.

Kila uzao, siku ile ile ya kuzaliwa, Filimbi alimfunga kila mtoto uzi wa sufi shingoni, kila mmoja na rangi yake, akawa anaulegeza kadiri shingo inavyonenepa. Majina hawakupewa; mbwa hupewa jina akishachaguliwa. Ikifika wiki ya saba aliwachukua mmoja mmoja mpaka kwenye stoo ambayo hawajawahi kuikanyaga. Humo alimwacha mtoto peke yake kidogo, akatembea aone kama atafuatwa, akavutana naye kipande cha gunia, na mwisho, mtoto akiwa amegeukia kwingine, aliangusha mfuniko wa ile sufuria kubwa ya uji. Mfuniko ndio mtihani wenyewe. Mzee aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, alimwachia neno moja tu kuhusu mfuniko: "Usimtazame anayeruka, wote huruka. Mtazame anayerudi."

Safari hii mbwa jike aitwaye Shaba alizaa watoto saba, na vyumba vilivyokuwa wazi bandani vilikuwa vitatu.

Kabla ya huyo wa buluu, Filimbi alikuwa ameleta wa njano, jike dogo la kahawia lenye mguu mmoja mweusi kama limevaa soksi moja. Mfuniko ulipoanguka, wa njano aliruka, akakojoa, akakimbilia nyuma ya gunia la pumba ikabaki ncha ya mkia.

"Huyo ni wa kulinda jiko," meneja alisema, akatazama simu yake.

Muda kidogo ukapita, wa njano akatoka. Alitambaa kwa tumbo mpaka kwenye mfuniko, akaunusa, akaugusa kwa ule mguu mweusi. Mfuniko ukacheza, ukalia, akaruka tena. Akarudi tena. Akakikamata kishikio kwa meno na kuanza kukiburura. Filimbi aliona. Aliona vizuri sana, na neno la yule mzee likamjia sikioni. Lakini meneja alikuwa ameshasema "mwingine," naye Filimbi akainama, akambeba wa njano kwa tumbo, akamtoa nje.

Sasa huyu wa buluu. Dume, kifua kipana, uso mweupe wote kama aliyechovya kichwa kwenye unga.

"Mzee," alisema yule mkubwa wa pili, binti daktari wa mifugo aliyeajiriwa mwaka jana, "hebu turudie huyu. Upige kitu tena, tena pale asipokuona kabisa."

"Binti yangu, mimi nimeanza kazi hii wewe hujaota meno. Leo unifundishe kuangusha mfuniko?"

"Sikufundishi, mzee wangu. Nauliza tu."

"Mwache, daktari," meneja akasema. "Hapa bingwa ni Filimbi. Mambo haya hayamo vitabuni."

Bingwa! Miaka kumi na tisa hakuna mkubwa aliyelitamka neno hilo mbele yake. Na mfuniko haukuangushwa mara ya pili.

Kwenye karatasi meneja akaandika: wanaobaki, buluu, nyekundu, kijani. Wanaoondoka, njano, nyeupe, zambarau, kahawia. Filimbi akatia sahihi yake chini, ile sahihi kubwa yenye mkia aliyojifunza ukubwani.

Na kuondoka, pale, kulikuwa na maana moja. Mtoto asiyechaguliwa hakutoka nje ya uzio akiwa hai. Ilikuwa sheria: mbwa wa kampuni asije akaangukia mikononi mwa wezi, wakamsoma tabia. Daktari angekuja kesho yake, Ijumaa, saa nne, na sindano zake. Filimbi aliilaani sheria ile popote alipopata msikilizaji: kwa kinyozi, kwa fundi viatu, kwenye foleni ya maji. "Wauaji wale," alikuwa akisema. "Mimi ni mkono tu. Kichwa kiko ofisini."

Marehemu mkewe hakuyapenda maneno hayo. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa mbwa enzi zake, na uzi wa sufi ulikuwa wake, mabaki ya masweta aliyofuma jioni. Kila mtoto alipoondolewa, aliomba apewe uzi wake, akauhifadhi kwenye kopo la biskuti juu ya rafu ya jiko la mbwa. Hakueleza kwa nini. Siku moja tu, akikoroga uji, alimwambia mumewe bila kugeuka: "Wao wanaandika, baba. Lakini uzi unafunga wewe." Filimbi alimjibu kwamba mwanamke hajui mambo ya kazi, akatoka. Miaka mitatu sasa yuko udongoni, na kopo liko pale pale.

*

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi Filimbi aligonga upawa kwenye bakuli, kama kila siku. Watoto sita waliamka kama wamemwagiwa maji, wakapandana migongo kuelekea kwenye uji. Wa saba alibaki kalala chali chini ya ubao, uso mweupe juu, miguu minne angani, anaota.

Akagonga tena, kwa nguvu. Shaba mwenyewe akabweka. Yule wa buluu hakutikisika mpaka mama yake alipomkanyaga sikio, ndipo akaruka, akaona wenzake wanakula, akakimbia kama vile alikuwa nao tangu mwanzo.

Filimbi akaliacha bakuli. Alimnyakua yule mtoto, mdomo bado una uji, akaenda naye nyuma ya jiko na kumweka chini. Alingoja. Mtoto akapata kijiti, akageuka akakitafuna. Filimbi akarudi nyuma hatua tano, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi kwa pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Tumekusikia, Filimbi!" fundi mmoja alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Gari lako bado halijapona!"

Gereji nzima ikacheka. Yule mtoto akaendelea kutafuna kijiti.

"Hasikii," Filimbi alisema. "Mungu wangu. Hasikii huyu."

"Nani hasikii?"

Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyerithi upishi wa mbwa baada ya dada yake. Zamani alikuwa mfagizi wa ofisi. Alisimama mlangoni mwa jiko, upawa begani kama bunduki.

"Huyu wa buluu. Ni kiziwi, shemeji. Kiziwi kabisa. Jana hakushtuka kwa kuwa hakusikia kitu."

Shemeji alimtazama mtoto, akamtazama yeye, akaangua kicheko. "Yaani bingwa wa mbwa kachagua kiziwi alinde ghala! Mwizi atavunja mlango, atapakia mali, atamfunika na shuka asipate baridi!"

"Usinicheke. Wamenikimbiza wale! Watoto saba katika nusu saa, mtu amesimama na simu yake, mwingine, mwingine, mwingine. Kazi gani hiyo? Wangeniacha nifanye kama ninavyojua..."

"Na daktari hakukwambia urudie?"

Habari jikoni hazilali.

"Alisema," akakubali. "Alisema kitoto."

"Na saa nne?"

"Saa nne wanachomwa wanne. Na wa njano yumo." Akalimeza neno, kisha akalitoa. "Wa njano alirudi, shemeji. Niliona kwa macho yangu. Aliogopa, akajikojolea, akarudi mara mbili kwenye kile alichokiogopa. Mbwa wa namna ile sijampata tangu Shaba mwenyewe."

"Basi nenda ukaseme."

"Niseme nini? Kwamba jana niliitwa bingwa na leo mimi ni mjinga? Mbele ya yule binti?" Alizunguka pale pale kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Halafu uso ukamng'aa. "Ngoja. Wiki iliyopita aliwanywesha dawa ya minyoo. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Nitasema ile dawa ndiyo imemziba masikio. Nani ajue? Buluu ataondolewa, wa njano atashika nafasi yake, na aibu itakaa kwa wenye vyeti."

Shemeji aliushusha upawa begani. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni.

"Unaweza. Na watakuamini. Maneno ya namna hiyo wewe umeyazoea."

"Maana yake nini?"

"Maana yake siku dada yangu anakufa, mimi nilikuwa ofisini nafagia. Nilifagia, nikapiga deki, nikafuta madirisha. Mpaka saa saba. Meneja alikuwepo na mlango ulikuwa wazi. Wewe hukuingia."

Kwa miaka mitatu Filimbi alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe alizidiwa, kwamba alikwenda kuomba ruhusa ampeleke hospitali, na meneja akamnyima. Aliwaambia waombolezaji. Alimwambia kinyozi na fundi viatu. Alimwambia mama mkwe, naye akalia akimshika mikono, akisema masikini mwanangu, wamekuonea.

"Ujumbe ulikuja getini saa tatu," shemeji aliendelea, polepole, kama anayechambua mchele. "Mlinzi wa geti alikuletea wewe bandani. Mimi sikuambiwa. Kama ningeambiwa ningekwenda hata miguu mitupu. Wewe uliambiwa, ukasema nini?"

Alisema, nikimaliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, mbwa jike mkubwa anazaa na mtoto amekaa vibaya, na hakuna mwingine pale aliyeweza kumgeuza. Au ndivyo alivyojiambia. Mtoto yule ndiye aliyekuja kuitwa Shaba. Alipomtoa akiwa hai, alikaa akimtazama kwa furaha, akampangusa, akamfunga uzi. Alijisemea kwamba hata angeomba ruhusa wasingempa, wakubwa ni wakubwa tu. Saa nane alifika nyumbani, akakuta majirani wamejaa mlangoni na hakuna anayemtazama machoni. Na kabla udongo wa kaburi haujakauka, lile neno kwamba wasingempa lilikuwa limeshageuka mdomoni mwake. Hawakumpa. Liligeuka lenyewe, bila hata kusukumwa.

"Umejua siku zote," alisema.

"Siku zote."

"Na umenyamaza?"

"Ningesema ili iweje, dada afufuke? Mama yetu kila jioni anamlaani yule meneja. Akisali anamlaani, akimenya viazi anamlaani. Mimi nimekaa pale namsikiliza. Laana ya bure, shemeji. Inazunguka tu nyumbani, haina pa kutua." Alijifuta jicho kwa mgongo wa mkono, kwa hasira, kama anayefukuza nzi. "Leo unataka kumtwisha na mtoto wa watu, yule daktari. Mtwishe. Lakini usije jikoni kwangu kuomba chai."

Akaingia ndani. Filimbi alibaki na yule mtoto wa mbwa, ambaye sasa alikuwa ameacha kijiti na kuanza kufungua kamba ya kiatu chake.

*

Saa nne kasoro robo aligonga mlango wa ofisi. Meneja alikuwa anamenya karanga juu ya gazeti. Daktari alikuwa amekaa kwenye benchi, kisanduku chake magotini, mikono miwili juu ya kifuniko kama mtu aliyebeba mayai. Filimbi alikuwa amembeba wa buluu kifuani ndani ya koti. Wa njano alikuwa amemwacha nje, kamfunga kwenye mguu wa benchi la walinzi, naye tayari alikuwa anaitafuna kamba.

"Nimekosea," alisema.

Hakuwahi kulisema neno hilo ndani ya chumba kile. Aliona ni jepesi sana, likaelea.

"Nini?" meneja akauliza, bila kuinua kichwa.

"Huyu hasikii. Kiziwi. Ndiyo maana hakushtuka. Daktari aliniambia nirudie, nikajifanya najua." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Na wa njano ndiye aliyefaa. Nilimwona anarudi. Niliona, nikanyamaza, kwa kuwa... kwa kuwa ulikuwa umeshacheka."

Daktari alisimama. Akaja, akapiga makofi nyuma ya kile kichwa cheupe, mara moja, mara mbili. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni kweli. Hawa wenye uso mweupe wote wakati mwingine huzaliwa hivyo." Hakusema nilikwambia. Filimbi alingoja aseme, na kule kutosema kukamchoma kuliko kusema.

"Basi badilisheni," meneja akasema, akapuliza maganda. "Njano ndani, buluu nje. Mmenikatizia kazi kwa hilo?"

"Naomba..." Filimbi alikwama. Alijaribu tena. "Naomba huyu nimchukue nyumbani. Asichomwe."

"Chukua."

Filimbi alidhani hakusikia vizuri. "Na sheria?"

"Sheria gani?"

"Ya kwamba hawatoki. Wezi. Wakimpata mbwa wa kampuni..."

Meneja kwa mara ya kwanza alimtazama. "Iko wapi hiyo? Mimi nimekuta mnawachoma, nikajua ndio utaratibu wenu wa mabandani. Mbwa wa wiki saba ana tabia gani ya kusomwa na mwizi?" Akatupa karanga mdomoni. "Chukueni hao wanne mfanye mnavyotaka. Ila wasije wakauma mtu halafu jina langu likaitwa."

Kumbe! Filimbi alisimama na kiziwi wake kifuani. Sheria ile aliisikia kwa meneja wa kwanza kabisa, mtu wa masharubu, aliyeondoka miaka kumi na tano iliyopita. Baada yake walipita watano. Hakuna aliyeirudia. Aliyekuwa akiirudia ni nani basi?

"Mzee wangu," daktari alisema kwa sauti ya chini, "nilipofika mwaka jana nilikuuliza kama hawa watoto hawawezi kugawiwa watu. Nina wateja wanaotafuta mbwa wa nyumbani kila siku. Ukaniambia sheria ni sheria, na mgeni asiingilie."

Alikumbuka. Ilikuwa siku ya pili ya yule binti kazini, na Filimbi alitaka ajue nani ni nani pale. Tangu siku ile Shaba alizaa uzao wa kwanza kabla ya huu, na mbwa wengine wawili wakazaa pia.

Alitamani meneja angekataa. Angepiga meza, angemfukuza, angemwita mjinga asiyesoma. Angalau chuki yake ingepata pa kushika. Lakini mtu yule alikuwa ameshalirudia gazeti lake. Hakuwa mwema wala mbaya. Alikuwa mtu anayesema "chukua" ukimwomba, kwa sababu ni kazi ndogo kuliko kubishana. Dirishani nyuma yake lilionekana gari la doria limeegeshwa kivulini, dereva kalala, kofia usoni. Lilikuwa likikaa hapo kila asubuhi. Asubuhi zote. Hata ile ya mkewe.

Filimbi hakuuliza kitu. Jibu la ile ruhusa asiyoiomba alikuwa amelipata, kwa neno moja tu.

Nje, wa njano alikuwa amemaliza kuikata kamba. Mlinzi wa geti alikuwa amevua kofia anamchezea nayo. "Filimbi, huyu mbwa wako ananila nguo."

"Si wangu," alisema. "Ni wenu huyo. Amechaguliwa." Akaokota kamba iliyokatwa, akaikunja.

Wale watatu, wa uzi mweupe, wa zambarau na wa kahawia, daktari aliwaweka kwenye boksi la katoni lenye matundu, awapelekee wateja wake. Filimbi alizifungua nyuzi zao moja moja kwa vidole vinene visivyotaka kutii. Kisha akaingia jikoni bila kuomba chai, akapanda kigoda, akashusha kopo la biskuti kutoka rafuni.

Lilikuwa jepesi, na lilikuwa limejaa. Nyuzi zilishonana humo rangi juu ya rangi, nyingine fupi za shingo ndogo sana, na katikati, yakiwa yameshikana nazo, manyoya ya mbwa, ya kahawia na meusi. Shemeji aliendelea kukoroga. Filimbi alijaribu kuziongeza zile tatu mpya, akaona hapana, hizi si za humo. Hawa wako hai. Akazitia mfukoni, akafunga kopo, akaondoka nalo.

*

Jioni, nyumbani kwake, chumba kimoja na ukumbi, alimweka wa buluu sakafuni na yeye akaketi ukingoni mwa kitanda. Mtoto alinusa kila pembe. Alinusa viatu vya kike vilivyokuwa bado chini ya kabati. Kisha akaja, akaketi, akamtazama mdomo.

Filimbi akamwambia. Alimwambia yote, toka mlinzi alipokuja bandani saa tatu mpaka majirani mlangoni. Alitaja hata lile jambo ambalo shemeji hakulijua: kwamba alipoambiwa mkeo kazidiwa, kitu cha kwanza alichohisi si woga, ni udhia. Udhia, kama mtu aliyeguswa bega akiwa anahesabu. Alisema kwa sauti, kwa mara ya kwanza, chumbani mwake na mlango umefungwa.

Mtoto akapiga mkia sakafuni.

Hapo ndipo aibu ilipompanda mpaka masikioni. Tazama mtu mzima. Miaka mitatu anatafuta wa kumwambia ukweli, na aliyempata ni kiziwi.

Aliinuka. Akavaa koti, akamweka mtoto upande mmoja na kopo upande wa pili, akatoka. Kwa mama mkwe hapakuwa mbali: kupita kisima cha bomba, kupita kwa fundi viatu aliyemwinulia mkono akitegemea hadithi. Filimbi hakusimama.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Pita, pita." Bibi kizee alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi, beseni kati ya miguu. "Umekonda. Wanakutesa bado kule? Yule shetani wa ofisini bado hajapata yake? Atapata. Mimi bado namshtaki."

"Usimshtaki, mama."

"Kwa nini nisimshtaki? Aliyemnyima mwanangu..."

"Hakuninyima ruhusa, mama. Sikuomba."

Kisu kikasimama katikati ya kiazi. Ganda refu likaning'inia.

Alimweleza. Hakueleza kwa ufundi kama alivyomweleza mbwa; maneno yalimtoka vipande vipande, mengine mara mbili. Alipofika kwenye mtoto wa mbwa aliyekaa vibaya tumboni alisikia namna linavyosikika, akaendelea hivyo hivyo. Mwisho aliweka kopo mbele yake, akasema lilikuwa la mwanawe, na lina nini ndani.

Bibi kizee hakulia. Alilifungua kopo, akatazama, akalifunga. Akachukua kisu, akamalizia kile kiazi, akakitia kwenye maji. Akachukua kingine. Filimbi akanyoosha mkono amsaidie, na mkono wake ukasukumwa pembeni. Hakusukumwa kwa nguvu. Ulisukumwa kama kitu kilichokaa njiani.

"Toka nje," mama mkwe alisema. "Kaa kizingitini. Nikitaka kukuona nitakuita."

Akatoka, akaketi kizingitini. Watu walipita wakirudi makazini, wakamsalimu, akaitikia. Mtoto wa buluu alikuwa amebaki ndani, na Filimbi hakuweza kumwita. Mluzi wake wote haukuwa na faida kwa huyo. Ili aje ilibidi amwone.

Baadaye yule mtoto akatokea mlangoni mwenyewe, ganda la kiazi mdomoni, akatazama huku na huku mpaka alipompata, akaja kulala juu ya kiatu chake. Ndani kisu kiliendelea, kiazi baada ya kiazi, plopu, plopu, kwenye maji. Filimbi alikaa wima, mikono magotini, akisikiliza. Hakuitwa. Hakuondoka.